Usipakie Arusi Yote Chombo Kimoja

Qantab ni kijiji cha wavuvi kilichojificha ndani ya ghuba ndogo, mwendo mfupi wa gari kutoka Mutrah. Mgeni wa Maskati anaweza kupita karibu asikione, kwa kuwa upande wote wa bara umezibwa na milima ya mawe matupu. Mbele yake ni Bahari ya Oman, nyuma yake ni barabara inayopanda mlima na kuteremka. Jirani zake ni mahoteli ya kifahari: Al Bustan Palace, iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba mwaka 1985, na majengo ya Barr Al Jissah yaliyofunguliwa mwaka 2006. Kwa hiyo familia ya hapa ikitaka kuoza mtoto ina njia tatu: kufanya shughuli nyumbani na mtaani, kukodi ukumbi mjini, au kwenda hotelini. Kila njia ina mahali pake pa kuvunjikia. Nyumbani pana jua na nafasi finyu, ukumbini pana tarehe isiyosogezeka, na hotelini pana gharama na masharti. Hata hivyo, mipango kuvunjika si jambo la ajabu, hutokea kila mahali. La ajabu ni kwamba arusi za siku hizi zikiyumba kidogo huzama zote, ilhali za wazee zilikuwa zikipata dhoruba na bado zikifika. Wenye mali waliosafirisha bidhaa kwa majahazi walijua kwamba shehena hugawanywa katika vyombo kadhaa, ili kimoja kikienda chini mtu asifilisike. Arusi nazo, Oman na pwani ya Afrika Mashariki, zilipakiwa kwa akili hiyohiyo. Sisi tumezoea kuipakia arusi nzima katika chombo kimoja: usiku mmoja, ukumbi mmoja, mpishi mmoja.

Tuanze na kile kisichopaswa kuzama. Ndoa ya Kiislamu, iwe kwa Maibadhi wa Oman, au kwa Mashafii wa Unguja, Mombasa na Lamu, inasimama juu ya mambo machache: mume na mke waliokubaliana, walii wa mke, mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kuozesha na kukubali. Hayo yanatosha kuwageuza watu wawili kuwa mume na mke. Karamu ya walima imesuniwa, lakini hakuna aliyeweka idadi ya sufuria. Taa, jukwaa, gari lenye maua, keki ya ghorofa nne na mpiga picha wa angani havimo kabisa katika hesabu. Sisemi hivyo ili kuvidharau. Mapambo yana kazi yake, maana arusi ni tangazo, na tangazo lazima lionekane na lisikike. Ninachosema ni kwamba mpangaji asiyetenganisha nguzo na pazia atalia vilevile pazia likichanika na nguzo ikianguka, na hataona kwamba machozi ya kwanza hayakuwa na haja.

Mila za pande zote mbili za bahari zilitenganisha mambo haya kwa kuyapa siku zake. Oman huanza na posa, halafu makubaliano ya mahari, halafu milka, yaani siku ya kufunga ndoa, ambayo mara nyingi hufanyika msikitini au katika sabla, yaani ukumbi wa mtaa, kwa kahawa na halua. Arusi yenyewe, pamoja na usiku wa hina na kumpeleka bibi arusi kwa mumewe, huweza kuja wiki, miezi au hata mwaka baadaye. Pwani ya Waswahili nako ngazi zilikuwa nyingi. Kitabu cha Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichochapishwa mwaka 1903, kinaeleza maisha ya watu wa Mrima kwa undani, ndoa ikiwemo, na yeyote aliyelelewa Unguja au Mombasa atazitambua hatua zake: posa, zawadi za kilemba kwa wazee wa mke na mkaja kwa mama, kungwi na somo wa kumfunda mwali, singo la kumlainisha ngozi, hina, nikahi, kisha fungate ya siku saba. Kufanana huku kwa pwani mbili hakukuja kwa bahati. Karne ya 19 nzima watu, mali na wake walivuka kati ya Maskati na Unguja, na baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hasa tangu Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, familia nyingi zilirudi Oman na Kiswahili chao, pilau yao na nyimbo zao. Ndiyo maana leo kuna nyumba za Maskati ambamo milka hufungwa kwa Kiarabu na biriani ikasifiwa kwa Kiswahili.

Watu huiona orodha hiyo ndefu kama kupenda makuu. Mimi naiona kama bima. Kilemba kikichelewa, singo halizuiliki. Mvua ikiharibu usiku wa hina, nikahi ya wiki ijayo iko palepale. Mpishi akiunguza wali wa siku ya tatu, wageni walishakula siku ya kwanza na ya pili, na fungate bado haijaanza. Aibu ya siku moja humezwa na furaha ya siku nyingine. Arusi ya usiku mmoja haina pa kumezea. Kila kosa linatokea mbele ya wageni wote kwa wakati mmoja, na kesho yake ukumbi ni wa watu wengine.

Kwa nini basi tuliacha mpango huo wa siku nyingi? Sababu zake ni za haki. Watu walioajiriwa hawana wiki nzima ya kukaa arusini, nao wageni wa mbali wanahesabu siku za likizo. Oman ilipohamisha mapumziko ya wiki kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwezi Mei 2013, hata usiku unaogombewa na wenye arusi ulibadilika, kwa sababu shughuli hufuata kalenda ya ofisi. Kiangazi cha Maskati, ambacho joto lake hupita nyuzi 40 za Selsiasi, kinaufanya ukumbi wenye kiyoyozi uwe hitaji wala si anasa. Nyumba nazo zimebadilika, na ua wa kuchinjia ng'ombe haupo kila mahali. Hivyo siku zilikatwa moja baada ya nyingine, na kila iliyokatwa ilihamishia mzigo wake kwenye siku iliyobaki, mpaka siku hiyo ikawa nzito kupita uwezo wa chombo.

Uzito huo huonekana hali ya hewa inapochafuka. Vimbunga vya Bahari ya Arabu vina misimu miwili: Mei na Juni kabla ya pepo za kusi kukolea, na Oktoba na Novemba baada yake. Mwanzoni mwa Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga Maskati na pwani ya Qurayat, kikaua watu takriban 50 nchini Oman na kusababisha hasara ya karibu dola bilioni 4. Mabonde makavu yaligeuka mito, barabara zikakatika, na mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilipozimwa mji mkuu ukakosa maji kwa siku kadhaa. Tarehe 3 Oktoba 2021 ikaja zamu ya kimbunga Shaheen, kilichotua pwani ya Batina na kuifanya serikali itangaze siku mbili za mapumziko ili watu wakae majumbani. Mahali kama Qantab, penye mlima nyuma na bahari mbele, mvua kubwa haihitaji kufika ukumbini ili ivunje arusi. Inatosha ikigusa barabara. Mwenye milka aliyoifunga mwezi mmoja kabla ya dhoruba ameahirisha karamu tu, naye ni mume wa mtu. Mwenye kupanga vyote vitatu, yaani nikahi, karamu na safari ya wageni, kwa usiku huohuo, ameahirisha ndoa yenyewe.

Mwaka 2020 ulitoa ushahidi mkubwa zaidi, na ulikuja mara mbili. Sultani Qaboos alifariki tarehe 10 Januari, siku ya Ijumaa, na habari ikatangazwa alfajiri ya Jumamosi, mwisho wa wiki ambao ndio wakati wa arusi. Zikatangazwa siku 3 za mapumziko na bendera kushushwa nusu mlingoti kwa siku 40. Nchi iliyo katika msiba wa kiongozi aliyeitawala kwa nusu karne haipigi ngoma. Miezi miwili baadaye likaja gonjwa la Korona: Machi mikusanyiko ikazuiwa, arusi zikiwemo, misikiti ikafungwa isipokuwa kwa adhana, na kuanzia tarehe 10 Aprili mkoa wa Maskati ukafungwa kuingia na kutoka hadi tarehe 29 Mei. Upande wa pili wa bahari hali haikuwa mbali na hiyo. Kenya, kwa mfano, ilipolegeza masharti Julai 2020 iliruhusu arusi za watu wasiozidi 100. Huo ulikuwa mtihani ambao hakuna mpangaji aliyejiandaa nao, lakini majibu yalikuwa mepesi kuyasoma. Kilichozuiwa ni mkusanyiko. Walii, mashahidi wawili na mahari huenea chumbani. Waliojua hivyo walikuwa na uamuzi wa kufanya, na waliodhani arusi ni ukumbi walibaki kusubiri ukumbi ufunguliwe.

Mzigo haugawanywi kwa siku peke yake, hugawanywa pia kwa mikono. Waswahili husema shughuli ni watu, na msemo huo hauhusu wingi wa wageni tu. Katika arusi ya mtaani kuna wa kupembua mchele, wa kukatia vitunguu, wa kupokea wageni wa kiume, wa kukaa na bibi arusi, wa kuangalia viatu mlangoni. Mmoja akiugua, jirani anaingia nafasi yake bila kikao. Oman imeijengea nyumba tabia hiyo: sabla, ukumbi wa mtaa ambamo watu hukutana kwa furaha na kwa huzuni. Mwaka 2015 Shirika la UNESCO liliiingiza baraza ya aina hii, kwa jina la majlisi, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa maombi ya Oman, Falme za Kiarabu, Saudia na Qatar. Desturi ya hina nayo ikafuata mwaka 2024 kwa niaba ya nchi kadhaa za Kiarabu. Urithi uliohifadhiwa hapo si jengo wala majani ya mhina. Ni mazoea ya watu kukutana, kupeana zamu na kujua nani anafanya nini. Mpangaji wa kukodi, hata awe hodari namna gani, ni mikono miwili na simu moja. Simu hiyo ikizimika, shughuli nzima haina mtu.

Kuna pigo moja ambalo hakuna jenereta ya akiba inayolitibu, nalo ni kifo katika familia wiki ya arusi. Hapa mila zina hekima ambayo mipango ya kisasa haijaiandikia safu. Zinaruhusu arusi ipunguzwe sauti bila kufutwa. Matanga ni siku tatu, isipokuwa mjane ambaye eda yake ni miezi minne na siku kumi. Baada ya siku hizo, na mara nyingine hata kabla kwa wasia wa marehemu, nikahi huweza kusomwa kimya, watu wakanywa kahawa, wakaomba dua na kutawanyika, ngoma zikaachwa. Jambo hilo linawezekana kwa sababu nikahi ina siku yake na ngoma ina yake. Vilivyofungwa pamoja havipunguziki. Ama vyote viendelee, jambo ambalo ni kukosa adabu mbele ya wafiwa, au vyote vifutwe, na wafiwa waongezewe huzuni juu ya huzuni.

Mtu atasema: maneno mazuri, lakini siku nyingi ni gharama nyingi, na bandu bandu huisha gogo. Pingamizi hili lina uzito, maana wapo wanaofanya hafla ya kumvisha pete, hafla ya kuagana, usiku wa hina wenye sare na arusi ya ukumbini, na kila moja wakaitaka iwe na ukubwa wa mwenzake. Huko si kugawa shehena, ni kujaza majahazi manne badala ya moja. Kugawa maana yake jumla ibaki ileile, au ipungue, na kila siku ipewe sehemu yake. Milka ya kahawa, tende na halua ni ya gharama ndogo. Hina nyumbani kwa majirani na shangazi ni ya gharama ndogo. Kinachobaki kwa karamu kinaweza kupunguzwa kwa sababu tangazo lilishatolewa na heshima ilishapatikana. Hata arusi za pamoja, ambazo Waomani wa vijiji vingi wamezizoea ili kuwapunguzia vijana gharama, zinatumia hesabu hiyo: karamu inachangiwa na maarusi wengi, huku kila nikahi ikibaki na walii wake na mashahidi wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ndoa ikifungwa leo na arusi ikawa mwakani, katikati yake ni muda wa majaribu. Maarusi wanaweza kugombana, wazee wakaanza kudai, na talaka ikatoka kabla bibi arusi hajavuka kizingiti cha mumewe. Ni kweli hutokea. Lakini ufa huo haukuletwa na nafasi, umefunuliwa nayo tu, na ni afadhali ufunuliwe kabla ya watoto. Sheria nayo imeweka ngazi. Sheria ya Oman ya mambo ya ndoa na familia, iliyotoka kwa amri ya Sultani namba 32 ya mwaka 1997, inaihesabu posa kuwa ahadi ya kuoana wala si ndoa, na inampa kila upande haki ya kurudi nyuma. Baada ya nikahi, Qurani katika sura ya Baqara imeweka kwamba mke akiachwa kabla ya kuingiliwa na mahari yalishatajwa, ana haki ya nusu yake, isipokuwa pakiwa na kusameheana. Anayeogopa muda mrefu na aufupishe. Wiki mbili zatosha kukwepa dhoruba. Asiufute kabisa.

Mtu wa tatu atauliza juu ya familia zilizotawanyika: kaka yuko London, mama mdogo Dar es Salaam, dada Dubai, na likizo ya wote inakutana siku nne tu. Hapo kugawa kwa siku kuna mpaka, lakini kugawa kwa mahali kunabaki. Karamu ya Maskati kwa upande mmoja na maulidi au chakula cha mchana Unguja kwa upande wa pili humpa kila mzee mgeni wa kumpokea, na tiketi ya mmoja ikichelewa haizuii shughuli ya wengine. Wanawake nao wana neno lao, na wana haki nalo: siku nyingi za zamani zilisimama juu ya migongo yao, jikoni na moshini. Kurudisha mila bila kugusa suala hilo ni kurudisha dhuluma iliyopambwa. Basi sufuria za siku kubwa na zikodiwe pamoja na mpishi wake, na wanaume wa mtaa wachukue zamu zinazobaki. Mgawanyo wa mikono unaoisahau nusu ya mikono si mgawanyo.

Katika utendaji, mambo ni machache. Kwanza tarehe: kwa pwani ya Oman, miezi ya baridi kati ya Disemba na Machi ina hewa nzuri na iko nje ya misimu ya vimbunga, na anayetaka wiki ya Idi akumbuke kwamba mwezi huandama kwa kuonekana, basi aache siku moja ya ziada. Pili, nikahi itangulie karamu walau kwa siku chache, ifanyike mahali ambapo wahusika wanaweza kufika hata kwa miguu. Tatu, kabla ya kulipa arbuni ya ukumbi, mkataba uulizwe swali moja: nikiahirisha, napoteza kiasi gani? Nne, ateuliwe mtu mzima mmoja, asiye baba wala mama wa maarusi, mwenye idhini ya kuamua siku ile bila kuuliza mtu, kwani wazazi siku hiyo wana masikio lakini hawasikii. Tano, wahusika wakubaliane mapema nini kitaachwa kwanza mambo yakiharibika. Familia iliyokwisha kusema kwamba keki itaachwa kabla ya wali, na wali kabla ya nikahi, haitagombana jikoni saa mbili usiku.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi kipimo cha jambo hili. Neno sebule, chumba cha mbele cha kupokelea wageni, linatokana na sabla ya Oman. Lilipovuka bahari, ukumbi wa mtaa mzima ulipungua ukaenea ndani ya nyumba moja, na bado ukabaki na kazi yake: kumkalisha mgeni, kumnywesha kahawa, kushuhudia. Mwaka 2020, kumbi za Maskati zilipofungwa, sebule hazikufungwa. Kwa hiyo anayepanga arusi Qantab, au Malindi ya Unguja, au mji wowote wa ughaibuni, kabla ya kuuliza ukumbi unachukua watu wangapi, na aiangalie sebule ya nyumbani kwao. Walii atakaa wapi, mashahidi wawili watakaa wapi, na nani atapitisha kahawa? Akishapata majibu, na aende akalipie ukumbi.